Pori na Mgeni: Maneno Mawili Yanayotangulia Kampuni

(Haya ni mazungumzo niliyofanya na vijana wa chama hapa Mwamgongo. Wengi mlioko mbali mliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa, nimepunguza tu marudio na vicheko.)

  

 Najua wengine mmekesha ziwani kwenye dagaa na macho yanauma, kwa hiyo sitawaweka sana. Niliambiwa nizungumzie ardhi na uwekezaji. Nitazungumza, ila naanza na swali. Ukisimama pale ufukweni, ukaipa mgongo Kongo, ukatazama juu mlimani, unaona nini?

(Mmoja akajibu: mihogo. Mwingine: michikichi ya babu. Mama mmoja akasema: shamba langu nililolipumzisha.)

Vizuri sana. Sasa mkubwa anayekuja na boti asubuhi na kuondoka saa nane mchana, yeye anaona nini? Anaona pori. Mihogo ya huyu haioni, shamba lililopumzika halioni kabisa, na ule msitu mliouacha makusudi ili chemchemi zisikauke, huo ndio anauona pori kuliko yote. Akirudi ofisini anaandika: kijiji kina eneo kubwa lisilotumika.

Neno la kwanza ndilo hilo, pori. Neno la pili ni mgeni, na hilo sisi watu wa Kigoma tunalijua mno. Leo nataka niwaonyeshe jinsi maneno haya mawili yanavyotembea pamoja, na jinsi kampuni inavyokuja nyuma yake.

Tuanze hapa hapa karibu. Agosti 2010, Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ilisaini hati ya makubaliano na kampuni iliyoitwa AgriSol Energy Tanzania. Wenye mtaji wako Iowa, Marekani, jimbo la mahindi na soya. Hati ya Mpanda ilihusu maeneo mawili: Katumba, hekta 80,317, na Mishamo, hekta 219,800. La tatu kwenye mpango wao lilikuwa mkoani kwetu, Lugufu, ile iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kongo mpaka ikafungwa 2009. Hapo hekta 25,000.

Jumlisheni. Ni zaidi ya hekta 325,000. Najua namba kubwa zinapita masikioni tu, kwa hiyo tupime kwa kitu mnachokijua. Jirani yetu Hifadhi ya Gombe haifiki hekta 6,000. Chukua Gombe hamsini uzipange, bado hujamaliza ardhi iliyokuwa inaombwa na kampuni moja.

Bei sasa. Miaka 99. Kodi ya ardhi shilingi 200 kwa hekta kwa mwaka, na shilingi 500 kwa hekta kwa mwaka kwa halmashauri. Jumla shilingi 700 kwa hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ekari moja inakodishwa mwaka mzima kwa chini ya shilingi 300. Mwaka ule hiyo pesa hununui hata soda. Kwa Katumba na Mishamo zote mbili, hekta laki tatu na ushee, ni kama shilingi milioni 210 kwa mwaka.

Na tulijuaje haya? Hatukuyajua kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Nyaraka ziliwekwa hadharani Juni 2011 na taasisi ya utafiti iitwayo Oakland Institute, iko California. Mtanzania wa Mpanda alijua bei ya ardhi anayoilima kupitia California! Hapo mnisamehe, huwa nacheka ili nisikasirike.

Sasa sikilizeni sehemu yenyewe. Mkisoma mpango ule mnaweza kudhani Katumba na Mishamo ni nyika. Kumbe palikuwa na watu, tena wengi. Mwaka 1972 Burundi kulitokea mauaji makubwa, watu wakavuka. Wapo wazee humu wanaokumbuka mitumbwi. Serikali ya Mwalimu iliwapokea ikawapa makazi matatu: Ulyankulu kule Tabora, Katumba, na baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Mishamo. Na kweli wakati ule palikuwa pori, pori la miombo lenye mbung'o. Walipewa mapanga na majembe. Wakafyeka, wakajenga shule, wakachimba visima, wakalima mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Miaka ikapita, hawakuwa tena watu wa kulishwa kwa mgao. Walikuwa wanalisha wengine. Watoto waliozaliwa mule wakazaa watoto, Burundi wanaisikia redioni tu.

Yaani serikali iliwatumia watu hawa kulifungua pori. Pori lilipokwisha kuwa mashamba, likaitwa pori tena ili apewe mwingine.

Lakini mtu ukishalima miaka 38 unaitwaje "hupo"? Hapo ndipo linaingia neno la pili. Unaitwa mgeni.

Mwaka 2007 serikali iliamua kuyafunga makazi yale. Anayetaka kurudi Burundi arudi, anayetaka uraia aombe. Wengi waliomba uraia. Mwaka 2010 serikali ikatangaza kuwakubali zaidi ya 162,000. Dunia ikapiga makofi, na kwa haki kabisa, maana nchi chache zimewahi kufanya jambo kama hilo. Ila palikuwa na sharti: cheti chako cha uraia hukipati mpaka uhame, utawanywe kwenye mikoa mingine. Umeukana uraia wa Burundi, wa Tanzania uko kwenye droo ya mkubwa. Uko katikati, huna pa kusimama. Wakaambiwa pia wasijenge vipya, wasipande mazao ya kudumu. Mtu akiambiwa asipande mwembe, ameshaelewa.

Niseme haki hapa, maana wapinzani tukizidisha chumvi tunajimaliza wenyewe. Uhamisho haukubuniwa kwa ajili ya AgriSol. Mpango wa kuyafunga makazi ulitangulia, kampuni ikaja baadaye. Lakini mpango wa kampuni ulihesabu kufungwa kwa makazi kuwa sharti la kuanza kazi. Kwa hiyo cheti cha uraia na hati ya ardhi vilikuwa vimefungwa kamba moja. Ukikivuta hiki, kile kinakuja.

Na siasa je? Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Mizengo Pinda, mtu wa huko huko Mpanda, mbunge wa Katavi. Mradi aliutetea. Ilikuwa enzi ya Kilimo Kwanza, kila mkutano ni wawekezaji, wawekezaji. Bungeni upinzani ukausemea. Halima Mdee, akiwa waziri kivuli wa ardhi, aliuibua mwaka 2011. Na kule Iowa nako moto uliwaka. Bruce Rastetter, mmoja wa wakubwa wa AgriSol, alikuwa pia kwenye bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo lile, na Chuo Kikuu cha Iowa State kilikuwa kinaushauri mradi. Wakulima na wananchi wa Iowa wakahoji: huyu anavaa kofia ngapi? Februari 2012 chuo kikajitoa. Kampuni nayo ikaachana na Katumba na Mishamo, ikasema itajikita Lugufu. Zoezi la kuwatawanya watu lilikuwa limeshasimamishwa. Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vile vyeti, na watu wakabaki pale pale walipo. Leo Katumba iko Halmashauri ya Nsimbo, Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Wanapiga kura.

Wakati ule vijiweni kwetu nilisikia watu wakisema, "Si Warundi hao? Waende zao." Wasemaji walikuwa watu wa Kigoma! Watu ambao wao wenyewe wakipanda basi kwenda Dar wanashushwa njiani wathibitishe kama ni Watanzania. Tutalirudia hili.

Kuna kijana ameniambia pembeni kwamba haya ni mambo ya siku hizi, ya Wamarekani na nishati ya mimea. Hapana ndugu yangu. Ni wimbo wa zamani, mpiga ngoma tu ndiye anabadilika. Mjerumani alipokuwa hapa, Novemba 1895, ilitolewa amri ya Kaisari iliyosema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Na nani anaamua kama ina mwenyewe? Dola. Ukishamaliza sentensi hiyo kampuni ya mashamba inaingia bila kubisha hodi.

Ila mfano ninaoupenda zaidi, kama mfano mbaya unapendwa, uko Kenya. Nivumilieni tuvuke mpaka kidogo. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria. Reli imekula fedha nyingi, London inataka irudishwe. Wakaamua nchi ijazwe walowezi. Gavana wakati ule, walikuwa wanamwita Kamishna, ni Sir Charles Eliot. Ikaja kampuni, East Africa Syndicate, wenye mtaji wa migodi ya Afrika Kusini nyuma yake. Ikaomba maili za mraba 500 kwenye Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Hiyo ilikuwa nchi ya malisho ya Wamasai.

London ikasema sawa. Lakini Eliot naye alikuwa ameshawaahidi wazungu wawili kutoka Afrika Kusini maili 50 kila mmoja, na London ikamkatalia hao. Eliot akakasirika. Inakuwaje kampuni yenye marafiki London ipate 500, na walowezi wangu wanyimwe 50? Mwaka 1904 akajiuzulu, ukawa mzozo mkubwa hadi Bungeni Uingereza.

Mmeona? Wakubwa waligombana kweli kweli, hadi mtu akaacha kazi. Waligombana nani apewe. Mmasai mwenyewe hakuwa mezani. Eliot hakujiuzulu kwa ajili yake. Huyo Eliot hakuwa na siri kwamba haki ya Mmasai juu ya malisho yale haikumsumbua. Nawaambia hivi kwa sababu mtawaona wanasiasa wakigombana juu ya mwekezaji, mmoja anamtaka huyu, mwingine anamtaka yule, nanyi mtadhani mnapiganiwa.

Halafu pimeni: maili za mraba 500 ni kama hekta 130,000. Mishamo peke yake ni zaidi ya hapo, na kupita. Kitu kilichotikisa serikali ya kikoloni mwaka 1904 sisi tulikisaini ngazi ya wilaya.

Bado kidogo na Wamasai, maana hapa neno mgeni linatokea pale usipolitegemea. Agosti 1904 walisainishwa mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, sehemu waende Laikipia, sehemu kusini, wakaahidiwa kwamba patakuwa pao maadamu Wamasai wapo duniani. Miaka saba tu, 1911, mkataba wa pili: tokeni Laikipia. Wakaenda mahakamani, 1913. Unajua mahakama ilisema nini? Ilisema ile ni mikataba kati ya Mfalme wa Uingereza na watu wa nje, si raia wake, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuisikiliza. Kesi ikatupwa. Mmasai, akiwa kwenye malisho ya baba yake, aligeuzwa mtu wa nje kwa karatasi, na ardhi ikaenda.

Mkiiweka kesi ile kando ya vile vyeti vya Mishamo vilivyofungiwa kwenye droo, mtanielewa kwa nini nimewavusha mpaka.

Sasa turudi nyumbani, tuongee sheria. Msisinzie, hii ndiyo nyama ya mazungumzo.

Tuna sheria mbili za ardhi, zote za 1999. Namba 4 ni Sheria ya Ardhi, Namba 5 ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zinagawa ardhi mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla. Ardhi ya jumla ndiyo serikali kuu inaweza kumpa mwekezaji. Ya kijiji ni yenu. Halmashauri ya kijiji inaishika kama mdhamini tu, na haiwezi kugawa bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali kwanza.

Lakini hizi sheria mbili, ndugu zangu, hazisemi kitu kimoja. Namba 5 inaieleza ardhi ya jumla kuwa ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Basi. Namba 4 inaongeza maneno machache: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika! Lile shamba la mama aliyelipumzisha. Ule msitu wa chemchemi. Kumbe pori si neno la mkubwa wa kwenye boti tu, lina mlango wake kwenye sheria.

Na kuna utaratibu wa kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ya jumla. Ikiwa eneo ni hekta 250 au chini, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, uamuzi unapanda kwa Waziri, kijiji kinabaki na kutoa maoni. Yaani kipande kidogo mna kura, kipande kikubwa mna maoni. Kwa akili yangu ingekuwa kinyume, kadiri eneo linavyokua ndivyo kura ya wananchi iwe nzito, na hilo chama chetu kilibebe bila kumung'unya maneno. Ardhi ikishahamishwa kuwa ya jumla haina njia ya moja kwa moja ya kurudi kijijini. Mwekezaji akifilisika, haiji kwenu.

(Hapa kijana mmoja aliuliza: "Kwa hiyo kaka unataka wawekezaji wasije? Sisi ajira tutapata wapi?")

Swali zuri, tena nilikuwa nalisubiri. Mimi sijasema wasije. Hapa kuna mawese yanakamuliwa kwa mkono, kuna dagaa wanaharibika mvua ikinyesha, kuna wajawazito wanaopelekwa mjini kwa boti ya mbao. Mtu akija na kiwanda cha kukamua, au na kinu cha barafu, nitambebea mizigo mimi mwenyewe kutoka ufukweni. Hahitaji kuwahamisha ili afanye hivyo.

Ila ukubwa wa shamba si dawa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, Kongwa, Nachingwea na Urambo, Urambo iko kwenye reli yetu hii hii. Matrekta, wataalamu, serikali nzima ya Uingereza nyuma yake. Kufika 1951 umekufa, pauni milioni 36 zimepotea. Mkulima wa kienyeji angewaambia mapema kuhusu udongo na mvua, hawakumuuliza. Kwa nini wamuulize, si pori?

Tangu 2018 serikali inahimiza michikichi mkoa mzima. Safi, sisi ndio watu wa mawese. Ila michikichi inataka ardhi, na mashamba makubwa ya michikichi yanataka ardhi kubwa. Siku ile neno pori litapita vijiji vyote vya mwambao na vya Uvinza, kwenye karatasi, kabla hamjaona trekta.

Mwamgongo mmebanwa. Mbele ziwa, nyuma ukuta wa mlima, kusini Gombe, ambayo imekuwa pori la akiba tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968. Ukipoteza ekari hapa huna pa kusogea. Lakini mna kitu ambacho Katumba hawakuwa nacho: nyie ni kijiji. Tangu 1994 mradi wa TACARE umekuwa ukifanya kazi na vijiji vilivyoizunguka Gombe, na vijiji hivi vimechora mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao. Makazi ya wakimbizi hayakuwa vijiji kwa sheria. Hayakuwa na mkutano mkuu wa kukataa chochote. Mkuu wa makazi alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii. Nendeni ofisi ya kijiji, ombeni kuuona mpango wa matumizi ya ardhi na ramani. Tazameni lile shamba la mama limeandikwaje: kama ni shamba linalopumzika, liandikwe hivyo, na ule msitu uandikwe msitu wa kijiji wenye kazi ya kulinda maji. Kitu chenye kazi iliyoandikwa ni vigumu kukiita kisichotumika. Mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Kama haujaitishwa, andikeni barua kuudai, mbaki na nakala yenye muhuri. Kwenye mkutano msikae nyuma mkichati. Ombeni muhtasari usomwe, maana ardhi nyingi nchi hii zimeondoka kwenye muhtasari wa kikao ambacho wengi hawakukijua.

Na lile jingine nililosema tutalirudia. Humu ndani tuna Waha, Wabembe, Wamanyema, tuna ambao bibi zao walivuka 1972 na wengine walivuka juzi tu. Kila uchaguzi ukikaribia, mtu akigombea uenyekiti wa kitongoji kwa tiketi yetu, utasikia, "Huyo si raia." Naomba vijana wa chama hiki wasiwe wa kwanza kulitamka neno hilo dhidi ya jirani, hata kama jirani huyo ni wa chama tawala, hata kama mnagombea naye mpaka wa shamba. Mwenye malalamiko ya uraia yuko huru kwenda panapohusika na ushahidi wake. Kijiweni, hapana. Mkimwita mgeni leo kwa sababu ya mpaka wa mihogo, kesho kuna mtu mwenye kalamu ataliandika, na shamba lake halitaongezwa kwenye lako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Boti ya Kibirizi haitusubiri na ziwa limeanza kuchafuka. Maswali matatu tu, halafu wale wanaojua nani anatunza ramani ya kijiji wabaki tuandikishane majina. Anza wewe mama, wa lile shamba.